Aliyeshika Breki

Jioni ile nilikuwa nimebakiza kazi moja tu: kutoa upepo kwenye breki.

Kazi yenyewe si ngumu, ila inataka watu wawili. Mmoja analala chini ya gari karibu na gurudumu, spana mkononi. Mwingine anakaa kwenye kiti cha dereva, mguu juu ya breki. Wa chini anasema, "Kanyaga." Wa juu anakanyaga na kukanyaga mpaka pedeli iwe ngumu. Wa chini anasema, "Shikilia." Wa juu anajibu, "Nimeshika," na anabaki hivyohivyo, mguu umezama. Wa chini analegeza nati ndogo iliyo nyuma ya gurudumu, mafuta yanaruka pamoja na mapovu ya hewa, kisha anaikaza tena. Hapo ndipo anasema, "Achia." Wa juu anajibu, "Nimeachia."

Sheria ni moja. Aliyeambiwa ashikilie haachii mpaka aambiwe. Akiachia mapema, hewa inarudi ndani na mnaanza upya.

Neno hilo la mwisho, "achia," naliandika tu. Kulitamka sithubutu, na ukifika mwisho utajua kwa nini.

Mimi ni fundi wa friji. Fundi wa magari siye, na kaka yangu hajawahi kuniruhusu nisahau. "Fundi Barafu," ndivyo anavyoniita mbele za watu, na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Yeye ni dereva wa malori, mkubwa kwangu kwa mbali. Tangu baba afariki na gari lake kuja mikononi mwangu, tulikuwa hatusalimiani. Aliyeliosha miaka yote ni yeye, aliyekuwa akimwendesha mzee ni yeye, halafu mzee kalitoa kwa kitinda mimba. Kaka aliamini nimemzunguka. Akautangazia ukoo mzima kwamba gari lile halitanifikisha popote. Nikamjibu kwamba wivu utamuua. Basi tukawa hivyo, ndugu wa tumbo moja, tukipishana njiani kama hatujuani.

Gari lilikaa uani mwangu miezi mingi bila kutembea. Springi za nyuma zilikuwa zimechoka, shokapu zimevuja, breki za nyuma zimekwisha kabisa. Ningeliacha lioze, kama si mke wangu.

Majirani walikuwa wakimwita Mama Kijacho, na yeye akinitania kwa kuniita Baba Kijacho. Tulikuwa tumeshapoteza mimba mbili. Hii ya tatu ilifika mwezi wa tisa, lakini daktari alisema kondo la nyuma limekaa vibaya, limeziba mlango. Uchungu ukimkuta nyumbani atavuja damu, na tutampoteza yeye na mtoto. Alitakiwa afike hospitali kubwa, mji wa pili, kabla ya uchungu kuanza. Kitanda kilikuwa kinamngoja kesho yake asubuhi. Barabara ya kwenda huko ni mteremko mmoja mrefu, kona baada ya kona.

"Si tumwombe shemeji atupeleke?" mke wangu aliniambia zaidi ya mara moja.

"Bora nikubebe mgongoni," nilimjibu.

Nilikuwa namaanisha. Nilitaka apelekwe na gari la baba, na kaka alisikie likipita mbele ya nyumba yake.

Kwa hiyo nikanunua springi mpya, shokapu mpya, viatu vya breki, bushi za mpira, kila kitu. Nikajifunza kwa kuuliza na kwa kuharibu. Nilikuwa nimeshavua magurudumu ya nyuma yote mawili, kaka alipotokea getini. Hakuingia. Alisimama nje, mikono juu ya bati la geti, akiangalia kazi yangu kwa jicho la dharau.

"Breki tengeneza," alisema. "Springi za nyuma usiguse."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

"Gari la nani hili?"

"Nimesema usiguse, Fundi Barafu."

"Kafie mbele," nikamwambia.

Akatema mate chini, akaondoka. Nikainama kuikamata springi ya kwanza kwa hasira, niitoe akiwa bado hajafika kona.

Ya upande wa abiria ilitoka vizuri. Ya upande wa dereva ilikuwa na kitu ndani.

Mkanda. Ule mkanda wa kiti cha gari, ulikuwa umekatwa na kuzungushiwa katikati ya springi, mzunguko juu ya mzunguko, umeshonwa kwa waya na kufungwa mafundo mengi madogomadogo. Juu yake ulipakwa kitu cheusi kilichokauka. Nikaunusa. Ulinuka breki zilizoungua, ile harufu inayokufuata puani lori likishuka mlima limeshikwa breki njia nzima.

Nilijua mara moja kwamba ni mambo ya kishirikina. Nikajua mara moja, au nilidhani najua, ni ya nani. Damu ilinichemka. Kumbe ndiyo maana hakutaka niguse springi! Kaka yangu mwenyewe ameniwekea uchawi kwenye gari, ili nimpakie mke wangu na mtoto aliye tumboni tukafie mteremkoni. Nilikata mafundo kwa kisu, moja baada ya jingine, nikimtukana kwa kila fundo.

Ndani hamkuwa na mfupa wala nywele. Mlikuwa na mpira wa pedeli ya breki.

Mpira wa kawaida kabisa, ule wa kuzuia mguu usiteleze. Ulikuwa mzima, ila umelika upande mmoja, na katikati mlikuwa na shimo dogo la mviringo, laini. Nikaweka kidole gumba cha mkono humo. Kikapwaya. Lilikuwa shimo la dole gumba la mguu. Mwenye mpira ule alikuwa akiendesha bila viatu, kwa muda mrefu sana.

Mkanda niliuchoma palepale uani. Mpira sikuuchoma.

Nitakuambia kwa nini, na wewe kama ni fundi utanielewa. Fundi hatupi kifaa kinachofaa. Nyumbani kwangu nina makopo ya skrubu ambazo sitazitumia mpaka nife. Na pedeli ya breki ya gari lile, tangu nilipolijua, ilikuwa chuma kitupu. Mke wangu miguu ilikuwa imevimba kwa mimba, na yeye ndiye angenisaidia kukanyaga. Chuma kingemtelezesha. Nikaufuta mpira kwa kitambaa, nikaujaribu kwenye pedeli.

Ukaingia wenyewe. Haukutaka hata kusukumwa.

Nilifurahi, kusema kweli. Nikapiga mluzi.

Mpaka jua linaelekea kuzama, springi mpya zilikuwa zimekaa, shokapu zimefungwa, magurudumu yamerudi. Nililishusha gari kutoka kwenye jeki, likasimama kwa magurudumu yake juu ya magogo mafupi ya mbao, ili nipate nafasi ya kupenya chini kwa mgongo. Nililitikisa kwa nguvu zangu zote. Halikucheza. Springi zilikuwa ngumu kiasi kwamba hata watu wawili wanene wasingelishusha kidole kimoja. Nikajisifu kimoyomoyo.

"Mama Kijacho!" niliita. "Njoo ukanyage."

Alitoka jikoni taratibu, mkono kiunoni, akaingia kwenye kiti cha dereva akiguna. Tumbo liligusa usukani, tukacheka.

"Leo tuko watatu kwenye kazi," alisema.

Tulianza na gurudumu la mbali, upande wa abiria. Nilijiburuta chini.

"Kanyaga."

Pedeli ikalia. Fyu... fyu... fyu...

"Shikilia."

"Nimeshika."

Nikalegeza nati, mafuta machafu yakaruka na mapovu, nikakaza.

"Achia."

"Nimeachia. Lakini huku ndani kunanuka nini?"

"Mafuta ya breki."

"Hapana. Kama kitu kinaungua."

"Ni pua ya mimba hiyo," nilimtania. Tukarudia mpaka mapovu yakaisha. Nikajiburuta kwenda gurudumu la upande wa dereva, ile springi iliyokuwa na mkanda. Jirani aliwasha jenereta lake, ukuta wa pili, na ua mzima ukajaa mngurumo. Giza lilikuwa linaanza kuingia chini ya gari. Nikaweka tochi mdomoni, nikatafuta nati kwa vidole.

"Kanyaga," nilisema nikiwa na tochi kati ya meno.

Fyu... fyu... fyu... fyu... fyu...

"Taratibu, mke wangu."

Fyu... fyu... fyu... fyu...

"Basi! Shikilia."

"Nimeshika."

Sauti ilikuwa yake. Ilikuwa ya chini zaidi kidogo, kama anayeongea huku amelala. Nikadhani amechoka. Nikalegeza nati.

Mafuta yakaruka, yakanipiga mkononi, na nikatoa ukelele. Yalikuwa ya moto. Gari ambalo halijatembea miezi, breki mpya kabisa, na mafuta yanatoka yamechemka kama ya kukaangia! Kovu ninalo mpaka leo, hapa kwenye kifundo cha mkono. Nilikaza nati huku nikilaani.

"Achia!"

"Nimeachia."

"Umeona? Mafuta yameniunguza."

Nikafuta mkono kwenye shati.

"Mama Kijacho?"

"Fungua," ilisema sauti.

Nilikasirika kidogo. Tangu lini wa juu anampa amri wa chini?

"Fundi ni nani hapa?" niliuliza.

"Fungua..."

Na ile harufu ikashuka. Breki zilizoungua. Ilishuka kupitia sakafu ya gari, nzito, ikanikaba koo. Nikatoa tochi mdomoni nikohoe, na wakati huohuo jenereta la jirani likazimika. Kimya kikaingia ghafla. Ndani ya kimya kile, kutoka jikoni, upande wa pili wa ua, nilimsikia mke wangu akifunika sufuria na kuimbaimba peke yake.

Mke wangu alikuwa jikoni.

Sikusogea. Nilisikia moyo wangu ukigonga ardhi chini ya mgongo.

Juu yangu, kiti cha dereva kililia. Kri... Kama mtu anayejiweka sawa.

Halafu gari likashuka.

Lilishuka upande wa dereva kwanza. Nilizikodolea macho springi zangu mpya, nilizozifunga kwa mikono yangu, zikijikunja polepole, pete ikiifuata pete. Kisha upande wa abiria ukashuka, kama mtu wa pili ameingia. Kisha nyuma. Wa tatu. Mlango haukufunguliwa, mguu haukugusa ardhi, lakini gari lilikuwa linajaa. Bomba la moshi lilinigusa kifua. Nikajisukuma kwa visigino, nikakuta sakafu ya gari imeshanibana bega. Pumzi niliyokuwa nayo ilinitoka, na nyingine haikupata pa kuingilia.

"Baba Kijacho," mke wangu aliita kutoka mlango wa jikoni. "Unaongea na nani?"

Nilifungua mdomo. Haikutoka sauti.

Aliyejibu alikuwa juu yangu. Na sauti aliyojibia ilikuwa yangu mimi.

"Njoo, mke wangu. Tumemaliza. Njoo ukae mbele tulijaribu."

Mlango wa abiria ukafunguka wenyewe. Taratibu, kwa heshima zote.

"Sasa hivi? Na giza hili?" mke wangu alisema, akicheka kidogo.

"Mara moja tu. Mpaka mteremkoni."

Nilikuwa nimegeuza shavu, na kwa ule upenyo mdogo uliobaki niliiona miguu yake. Miguu iliyovimba, kandambili, kucha alizopaka rangi kwa ajili ya safari ya hospitali. Inakuja. Ilikuwa inakuja kwangu bila wasiwasi wowote, kwa sababu ni mimi niliyemwita. Nilimwona akifika kwenye mlango uliofunguka. Nilimwona akiinua mguu mmoja.

Sijawahi kuogopa namna ile, na sikuogopa kwa ajili ya kifua changu. Nilijua wazi kwamba akikaa kwenye kiti kile, sitamwona tena yeye wala mtoto.

Nilikuwa na pumzi ya neno moja. Kama ningetumia jina lake, angesema, "Nakuja." Kama ningesema "kimbia," asingejua anakimbia nini, na kwa tumbo lile angekimbilia wapi? Sijui akili niliitoa wapi. Labda ni mazoea ya kazi tu. Nilikumbuka kwamba yule aliyekaa pale juu, hata awe nani, amekaa kwenye kiti cha kukanyaga, na mimi ndiye niliye chini na spana.

"Shikilia," nilisema.

Pedeli ikazama mpaka mwisho. Niliisikia ikigonga sakafu. Tu!

"Nimeshika," ilijibu sauti, na safari hii haikuwa yangu wala ya mke wangu. Ilikuwa ya mwanamke mwingine, kavu, yenye chuki.

Na gari likatulia.

Springi hazikushuka tena. Nyuma kukapanda kidogo, upande wa abiria ukapanda, nikapata hewa. Nilijipenyeza, nikaacha nusu ya shati na ngozi ya bega kwenye chuma, nikatokea upande alipokuwa mke wangu na kumshika mkono kabla hajatua mguu ndani. Nilimvuta. Akapiga kelele kwa jinsi nilivyokuwa nimejaa mafuta na damu.

"Ulikuwa ndani sasa hivi," alisema. "Si umeniita ukiwa ndani?"

"Uliondoka saa ngapi kwenye kiti?" nilimuuliza kwa kunong'ona.

"Tulipomaliza gurudumu la kwanza. Si nilikuambia naenda kuepua sufuria, ukanijibu sawa?"

Sikumjibu sawa. Sikumsikia hata akiondoka.

Nilimulika ndani kwa tochi. Hapakuwa na mtu. Lakini kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea, na pedeli ya breki ilikuwa imelala sakafuni, imekanyagwa, haina mguu juu yake. Nilimulika ule mpira. Lile shimo la dole gumba lilikuwa limejaa kivuli, wakati tochi ilikuwa inaliangalia moja kwa moja.

Mke wangu ndiye aliyempigia simu kaka. Mimi sikuweza kushika simu. Alikuja na gari lake, akasimama nje ya geti kama kawaida yake, akaangalia. Gari la baba lilikuwa limekaa limeinama upande wa dereva, pamoja na springi zake mpya.

"Ulitoa springi," alisema.

"Ulikuwa umeweka nini humo?"

"Mimi?" Alinitazama kwa chuki ambayo sitaisahau. "Wewe ni mpumbavu tangu ulipozaliwa. Shemeji, ingia kwenye gari. Tunakwenda hospitali leo hiihii."

Tulishuka mteremko ule, mke wangu mbele, mimi nyuma pamoja na begi la nguo za mtoto. Hakuna aliyewasha redio. Ni kaka aliyeanza, bila kugeuka.

"Baba alilinunua kwa watu waliokuwa wanataka kuliondoa haraka. Aliyekuwa nalo kabla yao ni mwanamke mmoja, aliyekuwa akiendesha pekupeku. Breki zilikata hapahapa mteremkoni, akiwa amepakia wanawe. Walipowafikia wote walikuwa wameshakufa, na mguu wake ulikuwa bado umekanyaga. Watu wazima walishindwa kuutoa. Ulitoka walipouvua ule mpira."

"Na mkanda?"

"Baba alikwenda kwa mtu. Mtu akamwambia mpira usitupwe wala usichomwe, utarudi. Ufungwe mahali utakapokandamizwa na uzito wa gari, na usifunguliwe." Alikata kona kwanza. "Mengine hakuniambia. Hakuniambia kwa nini mpira ule unataka watu wa kupakia. Hakuniambia kwa nini gari alikupa wewe."

"Ungenieleza pale getini."

"Ungenisikiliza?"

Nisingemsikiliza. Ukweli ni kwamba hata yeye alifurahia kuninyima maelezo, na ndiyo maana mpaka leo simpendi, ingawa alituokoa. Na yeye hanipendi, naona ni sawa.

Uchungu ulimkuta mke wangu usiku huohuo, tayari yuko kitandani hospitalini. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu yangekuwa mambo mengine. Tulipata mtoto wa kike.

Gari liko uani mpaka sasa. Nililifunika turubai, nikalifunga kwa kamba. Nilijaribu kuliondoa. Alikuja mtu na lori la kuvutia magari, akafunga waya, akavuta. Magurudumu hayakuzunguka, yalilima ardhi, waya ukakatika, akafungasha vitu vyake bila kuniaga. Breki zilikuwa zimeshika, alisema, zimeshika sana, sijawahi kuona. Nilimwambia najua.

Zilikuwa zimeshika kwa sababu niliamuru zishikiliwe, na nilikuwa sijasema lile neno la mwisho.

Kwa hiyo nyumbani kwetu neno lile halipo. Tumelifukuza. Mtoto akishika kisu tunasema, "Weka chini." Akimshika paka mkia tunasema, "Toa mkono." Wageni tunawapokea sebuleni na kuwatoa kwa mlango wa mbele. Watu wanatuona tuna maringo. Tungehama, lakini nyumba ni hii tuliyojenga, na atakayeinunua lazima siku moja atalisema. Sikuweza kumfanyia mtu hivyo.

Kila jioni nilikuwa naangalia turubai. Lilikuwa limeinama upande wa dereva. Nikiona limeinama, nalala.

Binti yetu sasa anatembea, anakimbia, anaongea mpaka tunamwomba apumzike. Ana adabu zake. Mama yake amemfundisha kuamkia, na hawezi kumwona mtu mzima akampita: hata muuza maji, hata fundi juu ya paa, anasimama, anainua macho, anaamkia. Mwezi huu ameanza shule ya chekechea.

Jana jioni nilikuwa uani, nimeinamia friji la mteja. Mke wangu alikuwa kando yangu, mkono wa kulia, anaanua nguo. Kaka alikuwa amemleta mwanawe wa mwisho kucheza, kwa sababu wake zetu wamekataa watoto waurithi ugomvi wetu. Watoto walikuwa wanagombea kamba ya kuruka. Yule anavuta huku, huyu anavuta kule, wanacheka. Halafu yule wa kaka, aliye mkubwa zaidi, akavuta kwa nguvu, na binti yangu akakasirika. Akakaza miguu yake midogo ardhini. Akasema neno alilolileta kutoka shuleni.

"Achia!"

Nguo zilimponyoka mke wangu mikononi.

Yule mtoto wa kaka aliiachia kamba, upande wake ukaanguka.

Chini ya turubai, kitu kikaruka juu kwa wepesi. Tik. Nilijua ni nini. Ni pedeli inavyorudi mahali pake.

"Nimeachia," ilisema sauti ya mke wangu.

Mke wangu alikuwa kando yangu, viganja vyote viwili mdomoni.

Turubai lilianza kunyanyuka upande wa dereva. Polepole, kama mtu mzito anavyotoka kwenye kiti alichokikalia muda mrefu. Likanyanyuka mpaka likawa sawa na upande wa pili, kwa mara ya kwanza tangu binti yangu azaliwe. Kamba niliyolifungia ikalegea. Mlango ukagonga turubai mara moja kutoka ndani, kisha basi. Upepo haukuwepo. Nilisikia harufu ya breki zilizoungua, na ilikuwa karibu, karibu zaidi ya gari.

Nilitaka kusema "shikilia." Nililisema. Nililisema kwa sauti kubwa, mara nyingi.

Hakuna aliyejibu. Kwenye kiti hapakuwa tena na mtu wa kushikilia.

Binti yangu alikuwa bado anaangalia turubai, kamba mkononi. Kisha macho yake yakahama. Yakavuka ua, taratibu, mwendo wa mtu anayetembea pekupeku juu ya kokoto. Yakanifikia. Yakanipita kidogo, yakasimama juu ya bega langu la kushoto, pale ambapo uso wa mtu mzima ungekuwa.

Akaweka miguu pamoja, kama alivyofundishwa.

"Shikamoo," akasema.